Vitenge Mia Nane vya Mkurugenzi Chishimba

"Kurugenzi ya Mkoa ya Uhakiki wa Programu za Simu inayo furaha kubwa kuwatangazia wananchi wote kwamba tatizo la kusubiri limepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Kuanzia Ijumaa tarehe 27 Juni, kila mwananchi anayesubiri ataweza kujua, kwa simu yake mwenyewe na bila kumsumbua mtu, kwamba anasubiri."

Mkurugenzi Ruphin Chishimba aliliandika tangazo hilo kwa mkono wake. Alilisoma kwa sauti mara tatu, mlango ukiwa umefungwa, na mara ya tatu machozi yakamlenga. Neno "ufumbuzi" ndilo lililomgusa. Alikuwa mtu wa huruma nyingi kwa mambo ya karatasi.

Kwa wasioijua Kurugenzi, ni vizuri waelezwe. Sheria ya mkoa ilisema kwamba programu yoyote ya simu iliyotengenezwa Lubumbashi haiwezi kuingia katika Duka la Programu la Mkoa mpaka ihakikiwe na kupigwa muhuri, na isiyo na muhuri ni magendo kama sukari ya kupenyezwa mpakani. Duka lenyewe lilikuwa na umri wa miaka miwili, na ndani yake mlikuwa na programu moja. Ukiifungua, unaona picha ya Mkurugenzi Chishimba akikata utepe wa kulizindua duka. Hiyo ilikuwa nambari 1, na uhakiki wake ulichukua saa mbili pamoja na chakula cha mchana. Nyingine mia nne na kumi, nambari 2 hadi 411, zilikuwa bado zinaangaliwa kwa makini.

Watu wa midomo mirefu kule sokoni Kenya, mtaa wa Lubumbashi wenye jina la nchi, waliita hali hiyo kuchelewa. Mkurugenzi alichukizwa na neno hilo. Ofisini kwake neno rasmi lilikuwa "ukomavu", na kila Jumatatu asubuhi aliwaeleza wafanyakazi wake maana yake.

"Programme iko sawa munkoyo," alisema, mikono nyuma. "Ukiikunywa siku ileile, ni mayi ya bunga tu. Iache. Iive."

Wafanyakazi waliitikia kwa vichwa, maana kila mmoja wao alikunywa munkoyo, kile kinywaji cha mahindi kinachoachwa kichachuke, tangu utotoni na hakuna aliyeweza kupinga.

Kazi ilifanyika hivi. Kurugenzi haikuwa na simu hata moja, kwa sababu simu haikuwamo katika orodha ya vifaa iliyoidhinishwa. Kutumia simu ya mwombaji kulikatazwa, kwani mshtakiwa haji mahakamani na hakimu wake mfukoni. Basi mwombaji alitakiwa achapishe kila ukurasa wa programu yake kwenye karatasi, kwa rangi, nakala nne, ndani ya jalada la kijani. Karatasi hizo zilipelekwa kwa Inspekta Mkuu Mardochée, mtu mwenye kidole kirefu na uso usiojua mzaha. Mardochée alizitandaza mezani, akavaa miwani, akabonyeza. Kilichotokea alikiandika kwenye ripoti. Mara nyingi hakikutokea kitu.

Mmoja wa waliopata ripoti hizo alikuwa Jemima, binti wa Mzee Mumbere, yule mfanyabiashara wa vitambaa aliyeshuka kutoka Butembo zamani na sasa ana depo yake Kenya. Jemima alikuwa ametengeneza programu iitwayo Dawa Iko Wapi. Unaandika jina la dawa, nayo inakuonyesha ni duka gani la dawa mjini linayo leo. Ripoti ya kwanza ilimwambia: "Kitufe cha TAFUTA kimebonyezwa mara saba, kwa nguvu ya kawaida. Hakikujibu. Mwombaji arekebishe." Alichapisha upya. Ripoti ya pili ikasema: "Kitufe kimebonyezwa mara kumi na mbili. Karatasi imetoboka. Mwombaji alete karatasi nzito." Alileta karatasi nzito kama mlango. Tangu hapo faili yake, nambari 38, ilipanda kwa Mkurugenzi kwa ajili ya sahihi, na huko juu ikapata utulivu.

Miezi kumi na mmoja Jemima alikuja kila Jumanne na kukaa kwenye benchi la korido. Maduka ya dawa aliyazungukia yote, lakini hakuna mwenye duka aliyethubutu kuweka jina lake ndani ya programu isiyo na muhuri. Jumanne moja, mwanzoni mwa Juni, akaitwa ndani. Alishtuka hata akasahau mkoba wake kwenye benchi.

"Jambo, papa directeur."

"Jambo, mutoto wangu. Ikala."

"Nilikuya juu ya dossier yangu, papa. Nambari makumi tatu na munane."

"Iko inaendelea."

"Inaendelea wapi, papa? Iko pa meza yako tangu mwaka ya kupita."

"Njo pale inaendelea," alisema Mkurugenzi kwa upole, akiigusa meza.

Jemima alisogea mbele ya kiti. "Papa, mama yangu eko na ugonjwa ya sukari. Juzi tulimutafutia insuline tangu asubui. Tulianza pharmacie za Kenya, tukaenda Kamalondo, tukaenda mupaka Ruashi. Fasi yote banatuambia ilisha kuisha, enda kule. Saa kumi mama akaanguka pa barabara, papa. Akaanguka mu vumbi, bantu banamuangaria. Na insuline ilikuwa karibu na kwetu, ku pharmacie ya nyuma ya kanisa. Programme yangu ingetuambia mu dakika moya."

Mkurugenzi alisikitika. Alisikitika kweli, maana naye alikuwa na mama. Alichukua kalamu, akafungua faili nambari 38, akaandika pembeni: "Mwombaji amepewa pole." Akatia tarehe. Kisha akaingia kwenye jambo lililomfanya amwite.

Waziri wa Mkoa alikuwa amemwandikia barua ya sentensi moja: "Nieleze kabla ya mwisho wa Juni unafanya nini kuhusu ucheleweshaji." Mtu wa kawaida angeipata barua hiyo, angefungua droo, angetia sahihi mafaili, yangeisha. Chishimba hakuwa mtu wa njia rahisi. Kuondoa ucheleweshaji, alijiambia, ni kazi ya siku chache, na ikiisha unabaki na nini? Bali kuufuatilia ucheleweshaji kwa teknolojia ni kazi ya kudumu, na inazinduliwa kwa sherehe. Kiti chake kilikuwa hatarini na alilijua hilo. Mkurugenzi mwenzake wa jengo la pili alikuwa amepata barua kama hiyo mwezi wa tatu, na sasa alikuwa anafuga kuku.

"Unajua kufanya programme ya kuonyesha dossier iko wapi?" aliuliza. "Muntu anaandika nambari, inamuambia: iko pa meza ya fulani, ina siku fulani. Jina yake nilisha kupata. SUBIRA."

"Ile ni kazi ya juma mbili, papa. Lakini itakuwa inasoma wapi zile siku?"

"Ku registre ya Mama Joséphine. Kila kintu iko mule."

"Kila kintu?"

"Kila kintu. Bureau yangu haina na siri."

Jemima akauliza na faili yake itakuwaje. Mkurugenzi akamwambia kwanza SUBIRA, kisha wataona. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini la mama yake lilikuwa linaumia zaidi, basi akakubali.

Mama Joséphine alikuwa katibu wa Kurugenzi. Mbele yake palikuwa na daftari kubwa la jalada jeusi, na mkononi kalamu ya wino wa buluu. Kila karatasi iliyopita aliiandika: imeingia siku gani, imelala meza ya nani, imetoka lini. Hakuwahi kuandika uongo hata mstari mmoja, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwomba aandike uongo, na hakuna aliyemwomba kwa sababu hakuna aliyewahi kulisoma daftari. Wiki mbili Jemima alikaa naye, akinakili, na wakapatana kwamba kila jioni mistari mipya itaingizwa SUBIRA.

Mkurugenzi, kwa upande wake, alishughulikia mambo mazito. Kila mtu anajua kwamba Lubumbashi sherehe isiyo na kitenge chake ni mkutano tu. Akaagiza kwa Mzee Mumbere vitenge mia nane vya rangi ya machungwa. Katikati ya kila kipande, ndani ya duara kubwa kama sinia, uso wa Mkurugenzi ukitabasamu. Juu yake maneno SUBIRA HUVUTA HERI. Chini: UZINDUZI, IJUMAA 27 JUNI.

Mzee Mumbere, ambaye amefanya biashara na serikali kwa miaka mingi, alimuuliza kwa adabu kama si afadhali kuiacha tarehe.

"Vieux, date ikikosa, kitenge ni ya nini?" Mkurugenzi alicheka. "Bamama batajua namna gani kama ni leo?"

Vitenge vikachapishwa, vikagawiwa kwa akina mama wa maofisi, wa makanisa na wa soko, na cherehani za Kenya zikalia mchana kutwa.

Jumanne tarehe 24 Jemima aliileta SUBIRA, imekamilika. Mkurugenzi alitoka mwenyewe hadi meza ya Mama Joséphine, akiwa na furaha.

"Mama, tia hii mu Duka. Ijumaa tunaizindua."

"Ndiyo, papa. Jalada ya kijani iko wapi? Na nakala ine?"

"Mama Joséphine. Hii ni yetu."

"Nilisikia, papa," alisema Mama Joséphine. Jemima, aliyelijua benchi lile kuliko mtu yeyote, akatoa jalada la kijani kwenye mkoba wake. Mama Joséphine akalipokea, akafungua daftari. "Nambari mia ine na kumi na mbili," alisema, akaandika.

"Iruke zingine."

Mama Joséphine aliinua macho juu ya miwani, akatazama ukutani. Pale, ndani ya fremu ya dhahabu, palitundikwa Kifungu cha Tisa cha kanuni za Kurugenzi: "Hakuna programu itakayoitangulia nyingine, hata ikiwa ya nani." Mwaka uliopita mpwa wa mkubwa fulani alitaka programu yake ya kubahatisha mpira ipite kwa wiki moja, na Mkurugenzi akaandika kifungu hicho kumzuia. Redio ilimsifu. Ili kusiwe na ujanja, aliamuru hata mlango wa Duka ufungwe hivyo hivyo: hauikubali nambari 3 mpaka nambari 2 iwe imeingia. Muhuri wenyewe wa kuhesabia ulikuwa chuma cha zamani kinachopanda moja moja. Ukiukandamiza unalia "kha", unapanda moja. Kuruka haujui.

"Nani aliandika ile?" aliuliza Mkurugenzi, sauti imeshuka.

"Ni weye, papa. Na tulikupigia makofi."

Akasema basi kifungu kibadilishwe. Mama Joséphine akamkumbusha kwamba vifungu hubadilishwa na Kamati ya Marekebisho, ambayo haijawahi kukutana, kwa sababu wajumbe wake huteuliwa katika kikao chake cha kwanza. Akasema basi tarehe isogezwe. Hapo hata yeye mwenyewe alisita, akageukia dirisha. Nje, kwenye baridi ya Juni, mama mmoja alikuwa anavuka barabara na beseni kichwani, tayari amevaa kitenge chake kipya. Tarehe ilikuwa imekwisha kutoka, inatembea mjini.

Mkurugenzi alikaa kitini mwake. Ilibaki njia moja, na alitumia nusu saa nzima kutafuta nyingine. Kisha akaagiza Mardochée aitwe.

"Zote mia ine na kumi," alimwambia. "Kabla ya alhamisi mangaribi."

Mardochée alifikiri ni utani wa wakubwa, akatabasamu kwa heshima. Alipoona hakuna anayecheka, akavua miwani. "Directeur, kubonyeza moya tu inaomba siku mbili."

"Usibonyeze."

"Nisibonyeze kabisa?"

"Tampon tu, Mardochée," alisema Mkurugenzi, akimwonyesha muhuri.

Inspekta Mkuu alikitazama kidole chake kama mtu anayemtazama ng'ombe wake siku ya mnada. Lakini alikuwa mtumishi mtiifu, akakikunja.

Wakaanza mchana huohuo. Mama Joséphine alisoma nambari, Mardochée alifungua jalada kwenye ukurasa wa mwisho, Mkurugenzi aligonga muhuri, akatia sahihi, akapuliza wino ukauke. Dakika nne. Jumatano asubuhi iligundulika kwamba mbili kati ya hizo nne zilikuwa za kupuliza. Ikapita programu ya kuhesabu mbuzi. Ikapita ya kutafuta gari la kubeba mchanga. Ikapita kalenda ya mwaka uliokwisha, na hakuna aliyeona tatizo. Ikapita hata ile ya kubahatisha mpira, kwa utaratibu kabisa, katika nafasi yake. Koridoni watu waliokuja kusubiri waliitwa majina, wakaondoka mbio na vyeti vyao kabla serikali haijabadili mawazo. Kufikia saa tisa Jumatano mabenchi yalikuwa matupu, na mlinzi aliingia ofisini kuuliza kama kuna msiba.

Nambari 38, zamu yake ilipofika Jumanne jioni, haikuonekana kwenye kabati, kwa sababu ilikuwa kwenye droo ya Mkurugenzi mwenyewe, chini ya tai mbili na bahasha ya picha za utepe. Aliitoa. Karatasi ilikuwa nzito kweli. Pembeni, kwa mwandiko wake, aliona maneno yake kuhusu pole. Akamkumbuka mama aliyeanguka vumbini akitazamwa. Aibu ikamshika, na muhuri ukabaki hewani. Kisha akaagiza chai, kwa sababu hakujua kitu kingine cha kufanya na aibu saa za kazi. Akagonga.

"Dakika ine, papa," alisema Mama Joséphine. "Niandike?"

"Andika, mama."

Mama Joséphine aliandika, kama alivyoandika mengine yote.

Alhamisi, saa kumi kasorobo, wakafika nambari 412. Mkono wa Mkurugenzi ulikuwa umevimba. Mardochée, ambaye kidole kilikuwa kinamwasha siku tatu nzima, aliomba ruhusa.

"Directeur, hii ni ya mwisho. Tufungue, tuangarie mbele?"

"Niliagiza miye mwenyewe, Mardochée. Iko kintu gani mule sijue?"

Muhuri ukalia "kha". Wote watatu wakapeana mikono. Mkurugenzi alirudi nyumbani kwake Makomeno akalala usingizi wa mtu aliyeitumikia nchi.

Ijumaa ilipambazuka na jua la baridi. Uani kwa Kurugenzi palitandikwa viti, shuka jeupe likatundikwa ukutani ili kila mtu aone kile kilichomo ndani ya simu atakayopewa Waziri, na spika zikawekwa juu ya mapipa. Waziri alikomaa saa moja na dakika arobaini kabla ya kufika. Akina mama walikuwa wamejaa, wote machungwa. Sasa mshonaji ni mtu huru, hakuna kanuni inayomwambia duara la uso liangukie wapi. Wengine waliliweka kifuani. Wengi, kwa ukubwa wake na kwa uviringo wake, waliona linakaa vizuri zaidi nyuma, chini ya kiuno. Kwa hiyo mshehereshaji aliposema "Tuikale", Mkurugenzi Chishimba alitoweka uani kwa mamia. Yeye mwenyewe, kutoka jukwaani, alilichukulia hilo kuwa ukaribu na wananchi.

Alihutubia kwa dakika thelathini. Waziri akapewa simu.

"Nani eko na nambari ya dossier?" aliuliza kwenye kipaza sauti.

Mama mmoja alisimama polepole, akiegemea bega la Jemima. "Miye, Excellence. Mama Jemima. Ni makumi tatu na munane, ya mutoto wangu."

Waziri akabonyeza. Kwenye shuka, kwa herufi kubwa kama za kanisani, yakatokea haya:

NAMBARI 38. DAWA IKO WAPI.
Kupokelewa na kuandikwa: siku 1.
Meza ya Inspekta, kubonyeza: siku 19.
Meza ya Mkurugenzi: siku 316.
Kazi yenyewe: dakika 4.

Halafu mama mmoja wa safu ya tatu, muuza mboga, akauliza kwa sauti, "Ngapi?" Mwenzake akamjibu, "Ine!" Kicheko kilianzia hapo.

Waziri akajaribu nambari 112. Meza ya Mkurugenzi, siku 240. Kazi yenyewe, dakika 4. Akajaribu 205, akajaribu 301. Akina mama wakaanza kumrushia nambari kama sokoni, huyu ya mbuzi, huyu ya mchanga. Alipoandika nambari 1, shuka likaonyesha picha ya utepe na chini yake: "Kazi yenyewe: saa 2, pamoja na chakula."

Mkurugenzi alihisi jasho likimshuka mgongoni kwenye baridi ile. Alielewa kwamba jambo hili linahitaji maelezo ya kitaalamu, akakishika kipaza sauti.

"Excellence, zile siku mia tatu na kumi na sita hazikuwa za bule. Dossier ilikuwa inakomaa."

"Na ile dakika ine?"

"Njo pale ilisha kukomaa, Excellence."

Waziri alicheka mpaka akapangusa macho. Ni raha sana kucheka uzembe wa mtu uliye juu yake. Akaona kitufe cha mwisho, kimeandikwa BARUA ZA KURUGENZI, akakibonyeza akiwa bado anacheka.

RIPOTI YA MWAKA KUHUSU UCHELEWESHAJI.
Meza ya Waziri: siku 290. Haijafunguliwa.

Jemima hakuwa na nia mbaya. Mstari huo ulikuwa kwenye daftari, naye aliambiwa kila kitu.

"Courant ilienda," alisema Waziri, yaani umeme umekatika.

Spika zilikuwa zinanguruma na taa ya mashine ya picha ilikuwa inawaka, lakini Waziri alikuwa amesema, na mlinzi wake akalishusha shuka. Sherehe ikaendelea gizani, saa sita mchana.

Kabla ya kupanda gari alimvuta Mkurugenzi pembeni, akamwekea mkono begani. "Directeur, ulifanya kazi muzuri sana. Dossier zote zilisha kuisha. Sasa bureau bila dossier, directeur ni wa nini? Ende kwako Makomeno, ungoje. Tutakutafutia fasi ingine."

Wiki iliyofuata maduka ya dawa sitini na matatu yaliingia katika Dawa Iko Wapi. Mama Jemima aliandika neno moja kwenye simu, akavaa kandambili, akaenda nyuma ya kanisa na kurudi na insulini yake kabla maji ya bukari, yaani ugali, hayajachemka. Alilia kidogo jikoni, akasema ni moshi. Kurugenzini Mama Joséphine aliachiwa funguo mpaka atakapoteuliwa mwingine, na mwingine hajateuliwa. Anahakiki kwa simu yake ya zamani, iliyopasuka kioo, kila faili dakika tatu, kwa sababu yeye hapulizi.

Chishimba aliandika ombi lake la kupangiwa kazi, nakala nne, jalada la kijani. Likaandikwa Kurugenzini, nambari 413, likapelekwa kwa Waziri. Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, aliifungua SUBIRA kitandani. Ilikuwa programu nzuri, haikuwahi kukosea. "Meza ya Waziri: siku 60." Kesho yake, 61. Mvua za kwanza zilipoanza kunyesha ilikuwa imefika 102, akaona hapana, akapanda pikipiki ya abiria, ya manseba, mpaka mjini. Ilikuwa Jumanne.

Alikaa kwenye benchi la korido. Hakujua kwamba lilikuwa gumu namna ile. Mama mmoja akaja kukaa pembeni yake, amevaa kitenge cha machungwa kilichokwisha kupauka kwa sabuni. Chishimba aliliona jicho lake mwenyewe la kushoto, na nusu ya tabasamu, kisha mama akakaa. Walisubiri pamoja mpaka jina la Chishimba likaitwa.

"Mama Joséphine," alisema, ameshika kofia mkononi, "minakuomba. Dossier yangu inachelewa."

Mama Joséphine aliinua macho. Kwa miaka yote aliyofanya naye kazi hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake.

"Haichelewe, papa. Iko inakomaa."

"Mama yangu! Siku mia moya na mbili! Muke wangu ananiuliza kila asubui, sina tena ya kumujibu. Uandikie Waziri, umuambie hata neno moya."

Mama Joséphine alimhurumia, na huruma yake ilikuwa ya kweli, maana alimtengenezea mtu huyu chai miaka mingi. "Ni sawa munkoyo, papa," alisema taratibu. "Iache. Iive."

Kisha akalivuta daftari jeusi, akatafuta mstari wa nambari 413, akaandika pembeni kwa wino wa buluu. Chishimba aliinama ayasome maneno hayo kichwa chini miguu juu, na hakuhitaji kuyamaliza, kwa sababu aliyajua: "Mwombaji amepewa pole." Mama Joséphine akatia tarehe.